Ushahidi wa Karani wa Tarrow

Jioni ile Leonard Tomko aliporudi kutoka kazini hakuvua viatu mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake. Aliingia navyo hadi jikoni, matope ya mlimani yakidondoka sakafuni, akavuta kiti akaketi mbele ya mama yake, Verna, aliyekuwa akikata kabichi, akamuuliza kama ni kweli ameitwa kutoa ushahidi.

Verna akamjibu kwamba ni kweli. Barua ya mwito ameichapa mwenyewe, maana yeye ndiye karani wa mji wa Tarrow, na hakuna karatasi itokayo ofisini isiyopita mikononi mwake, hata ile ya kumwita yeye. Akacheka kidogo. Leonard hakucheka.

Mkataba wa mji na kampuni ya kebo ulikuwa unamalizika mwisho wa mwaka. Katika bonde lile la Pennsylvania, milima ilikuwa imeziba pande zote, na antena ya juu ya paa haikushika kitu ila chenga na mvumo. Asiye na waya wa kampuni hakuwa na televisheni. Kwa miaka kumi na mitano kampuni ilikuwa imepitisha nyaya zake juu ya mitaa ya mji kwa idhini ya mji, na sasa ilitaka kumi na mitano mingine. Halmashauri, kwa mara ya kwanza tangu watu wakumbuke, ilikuwa inafikiria kukataa. Alhamisi kungekuwa na kikao cha hadhara katika ukumbi wa zimamoto, na karani alitakiwa aje na daftari la malalamiko.

Leonard alikuwa fundi wa nyaya wa kampuni hiyohiyo. Jina lake lilikuwa limedariziwa mfukoni mwa shati. Tangu mgodi ufungwe, kazi kama yake katika Tarrow zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ghorofani mkewe Carol alikuwa amelala na mimba ya miezi saba.

"Mama, sikuombi useme uongo," alisema. "Ukiulizwa, jibu yaliyomo daftarini. Basi. Yale niliyokwambia mimi hayamo daftarini."

"Hayamo," Verna akakubali.

"Basi yabaki hapahapa jikoni."

"Yatabaki."

Kutoka sebuleni, sauti ya Emil, baba yake Leonard, ikauliza wananong'ona nini huko kama wezi wa kuku. Emil alikuwa ameketi mbele ya televisheni na mpira wa oksijeni puani; miaka thelathini na moja ya vumbi la makaa ilikuwa imemla mapafu, na siku hizi safari yake ndefu ilikuwa kutoka kitini hadi chooni. Verna akamjibu kwamba chakula ki karibu. Leonard akainama, akavua viatu, akachukua kitambaa akapangusa matope yake mwenyewe. Jambo hilo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

Aliyoyataka yabaki jikoni yalikuwa haya. Katika mkataba wa zamani, kampuni iliahidi kuupa mji mtambo wa tahadhari: kukitokea hatari, karani au mkuu wa zimamoto apige namba fulani ya simu, na sauti yake ikate kila kituo cha televisheni katika bonde zima. Mei ya mwaka uliotangulia, Verna alipoujaribu kama alivyopaswa kila baada ya miezi mitatu, simu ilinguruma tu. Akaandika daftarini. Akajaribu tena Agosti, ikanguruma, akaandika. Novemba vivyo hivyo. Januari theluji ikayeyuka kwa mvua ya siku moja, mto ukapanda, na Verna akakaa ofisini na simu sikioni akipiga namba ileile mara kumi na moja, huku akiyaona maji yakifika kwenye ngazi za benki. King'ora cha zimamoto hakisikiki mtaa wa chini, uliofichwa na bega la mlima. Jozef Yurick, mzee wa mtaa wa chini, alikuwa akitazama mchezo wa mpira wa kikapu. Hakuna sauti iliyoukata mchezo ule. Alipoona maji uani aliteremka chumba cha chini azime tanuri la kupasha nyumba joto, na ukuta wa chumba kile ukabomoka na yeye yumo ndani.

Baada ya mazishi, Leonard alimwambia mama yake, huku akilia kama mtoto, kwamba mtambo ule haukuwa umeharibika. Juni alipopanda kwenye kibanda cha mitambo kileleni alikuta nafasi yake tupu. Kampuni ilikuwa imeung'oa ikaupeleka mji mwingine, mkubwa zaidi, ambako ulihitajika kwa ukaguzi. Akamwandikia msimamizi wake taarifa, msimamizi akamwambia shughuli yake ni nyaya.

*

Mwanasheria wa mji alikuwa kijana aitwaye Prentiss, ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa hati za viwanja na wosia za wazee. Jumatano alikuja ofisini, akafunua daftari kubwa la kijani, akaanza kusoma akipiga miluzi. Miaka sita ya malalamiko, kila moja na tarehe yake, jina na mtaa, kwa mwandiko wa Verna uliosimama wima kama ua la mbao. Picha kukatika. Simu kutopokelewa. Fundi kuahidiwa Jumatatu na kuja Jumatatu ya mwezi mwingine. Bei kupanda mara mbili katika mwaka mmoja.

Prentiss akamweleza kwamba mji haumnyimi mwenye kampuni mkataba mpya kwa kujisikia tu. Sheria ya Washington imeweka sababu nne, hakuna ya tano. Ya kwanza ni kuvunja mkataba. Ya pili ni huduma mbovu. "Na hizo mbili, Bi. Tomko, umezibeba wewe mikononi. Kesho watalia."

Mwenyekiti wa halmashauri, Wendell Sprague, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa na duka la samani, na tabasamu lake lilikuwa la mtu anayekuuzia kitanda. Akasema kwamba mji mzima unamtegemea Verna, na kwamba yeye siku zote huwaambia watu, Sprague akifa leo Tarrow itaendelea, lakini Verna akipata mafua tumekwisha.

Verna akamuuliza kuhusu zile barua. Kwa kila lalamiko la mtambo alikuwa amechapa barua kwa kampuni, na kila mara Sprague alisema aiache mezani kwake ataitia sahihi na kuipeleka kwa mkono, kwa kuwa hula chakula cha mchana na meneja wa kampuni kila mwezi. Mambo ya watu wazima humalizwa mezani, si kwa stempu. Je, anazo nakala zilizotiwa sahihi?

Sprague akatazama saa yake, akasema zipo, zipo, usijali, akatoka.

Mchana akaja Helen Yurick, mjane wa Jozef, mwanamke mfupi aliyevaa koti la mumewe. Alisimama mbele ya meza kama aliyekuja kulipa kodi ya maji. Aliuliza kama kesho yule marehemu atatajwa kwa jina, ama atasemwa tu kuwa mtu mmoja. Verna akamwambia atatajwa kwa jina. Helen akauliza kama yameandikwa, ya ule mtambo. Verna akamgeuzia daftari, akamwonyesha kwa kidole: Mei kumi na nne, Agosti kumi na tatu, Novemba kumi na mbili. Helen akaziangalia tarehe zile kwa muda mrefu, midomo ikitembea.

"Kwa hiyo mlijua," akasema hatimaye.

"Tuliandika," Verna akajibu, akalifunga daftari.

*

Ukumbi wa zimamoto ulijaa. Magari mekundu yalikuwa yametolewa nje, viti vya kukunja vikapangwa, na harufu ya mafuta ya injini ikabaki. Halmashauri iliketi mbele, Sprague katikati. Upande wa kushoto walikaa watu wa kampuni: meneja, mwanasheria wao aliyetoka mji mkuu, na nyuma yao mafundi wanne walioamriwa kuja na mashati ya kazi ili watu waone kwamba kampuni ni vijana wao wenyewe. Leonard alikuwa wa mwisho upande wa ukutani.

Mwanasheria wa kampuni aliitwa Bi. Alden. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti laini na suti ya kijivu, na alipomkaribisha Verna kwenye kiti cha ushahidi alimsogezea maji kwa mkono wake. Verna, aliyekuwa amejiandaa kupambana na simba, akaanza kumpenda.

Prentiss alimwongoza kwanza. Yalikwenda vizuri. Alisoma malalamiko kwa sauti, na watu wakaitikia kwa vichwa kila waliposikia majina yao. Alisoma zile tarehe tatu za mtambo. Alimtaja Jozef Yurick kwa jina lake lote. Kisha Prentiss akaketi akiwa ameridhika, na Bi. Alden akasimama.

Akamsifu Verna kwa mwandiko wake. Akasema amesoma madaftari ya miji arobaini, hajaona nadhifu kama hili. Halafu akauliza, "Haya malalamiko, Bi. Tomko, mlikuwa mkiyaandika ili nani ayasome?"

Verna akasema ni kumbukumbu za mji.

"Kampuni iliwahi kuliona daftari hili kabla ya mwezi huu?"

"Hapana. Lakini kuhusu mtambo niliandika barua. Tatu."

"Zilitumwa kwa rejista?"

"Zilipelekwa kwa mkono."

"Na nani?"

Verna akamtazama mwenyekiti. Bi. Alden naye akageuka taratibu, akamuuliza mheshimiwa mwenyekiti kama aliwahi kuikabidhi kampuni barua yoyote ya mji kuhusu mtambo wa tahadhari.

Sprague akakohoa. Akasema amekuwa mwenyekiti miaka tisa na karatasi ni nyingi. Akasema hakumbuki barua hizo. Halafu, kwa lile tabasamu la vitanda, akaongeza kwamba Bi. Tomko ni mchapakazi sana, ana mgonjwa nyumbani, ana mambo mengi kichwani. Huenda alikusudia kuandika.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Si kwa ubaya. Kilikuwa kicheko cha mtu anayemjua mama wa watu aliyesahau sufuria jikoni. Lakini Verna alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mji ule. Walimwita majina mengi, mkali, mbahili wa bahasha, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba alikusudia kuandika. Akafungua mkoba, akatoa nakala zake tatu za kaboni. Bi. Alden akazipokea kwa adabu, akazisoma zote, akazirudisha. Hazikuwa na sahihi wala muhuri wa posta. Mtu yeyote, alisema kwa upole uleule, angeweza kuzichapa jana usiku.

Kisha akaifungua sheria, kitabu chembamba chenye vipande vya karatasi ya njano, akasoma ile sehemu ambayo Prentiss hakuwa ameifikia: kwamba mji hauwezi kumnyima mwendeshaji mkataba kwa kosa ambalo haukumjulisha, na kumpa nafasi ya kulirekebisha. Prentiss alikuwa amefungua kitabu chake na kukigeuzageuza, shingo yake imekuwa nyekundu.

Verna akainua macho. Helen Yurick alikuwa safu ya kwanza na koti lake la kiume, mikono mapajani, anamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyekuwa na senti ya mwisho na sasa anaiona ikiviringika kwenda mtaroni.

"Kampuni ilijua," Verna akasema.

"Samahani?"

"Ilijua bila barua zangu. Mtambo haukuharibika, waliung'oa wenyewe. Mwanangu aliwaandikia taarifa Juni ya mwaka jana. Leonard, yule pale ukutani. Muulizeni."

Hakuna aliyemuuliza. Vichwa viligeuka, mia mbili na zaidi, vikamwona Leonard katika shati lake, na Leonard akawa anatazama sakafu kama mtu anayesubiri picha imalizike kupigwa. Fundi aliyeketi karibu naye akasogeza kiti chake kidogo, kama kiganja kimoja hivi. Meneja akaandika kitu kwenye karatasi.

Bi. Alden peke yake hakugeuka. Alikuwa bado akimtazama Verna, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama huruma.

"Namshukuru Bi. Tomko kwa ukweli wake," alisema. "Na familia ya Yurick ina pole zetu zote. Lakini sheria haiulizi kampuni ilijua nini. Inauliza mji uliiambia nini."

Akafunga kitabu.

*

Leonard hakupanda gari la wazazi wake. Alirudi kwa miguu, na alipofika alimkuta mama yake jikoni amesimama, hajavua koti. Carol alikuwa kwenye ngazi, mkono tumboni. Habari zilikuwa zimemfikia kwa simu tatu kabla wao hawajafika.

Leonard hakupaza sauti. Verna alitamani apaze.

"Ulisema yatabaki jikoni," alisema.

"Helen alikuwa ananitazama."

"Na mimi nilikuwa nakutazama."

Verna akajaribu kueleza. Akasema mtu amekufa, Leonard. Akasema alidhani itasaidia, kwamba wangelazimika kusikiliza. Leonard akatikisa kichwa, akamuuliza kama alipofungua mdomo alikuwa anamfikiria Jozef Yurick, au alikuwa anafikiria kile kicheko cha nyuma ya ukumbi. Verna akaanza kuvua koti. Jibu la swali hilo alilitafuta usiku ule na siku nyingi baadaye, na kila alipolikaribia alirudi nyuma.

Ijumaa wakamwita Leonard ofisini kwa kampuni. Hawakumfukuza kwa ushahidi wa mama yake, walisema, maana hilo lingekuwa kosa; walimfukuza kwa kutoa mambo ya ndani ya kampuni nje, jambo ambalo alikuwa ameahidi kwa sahihi kutolifanya. Akaacha funguo za gari na mkanda wa kupandia nguzo. Mashati matano arudishe Jumatatu yakiwa yamefuliwa na kupigwa pasi.

Verna ndiye aliyeyafua. Carol alikuwa ameyatupa kwenye kikapu bila neno, na Verna akayachukua, akaondoa madoa ya grisi kwa brashi, akayapiga pasi kola kwa kola, jina kwa jina. Jumatatu Leonard aliyapeleka kwenye mfuko, na yule msichana wa mapokezi, aliyesoma naye darasa moja, akayahesabu mbele ya foleni ya wateja waliokuja kulipia, akamwambia moja lina kifungo kilichotofautiana na vingine, itabidi wakate kwenye mshahara wa mwisho. Kifungo hicho kilishonwa na Verna, mwaka mzima uliopita.

Kaka yake Carol alikuwa Karolina ya Kaskazini, kwenye kiwanda cha matairi. Mwanzoni mwa Oktoba wakapakia vitu vyao kwenye gari la kukodi. Emil alijikokota hadi kibarazani na mtungi wake wa oksijeni, akamkumbatia mwanawe muda mrefu, wote wawili wakipumua kwa shida, kila mmoja kwa sababu yake. Carol alimpa Verna mkono, kama mtu anayeagana na mwenye nyumba. Leonard akambusu mama yake shavuni. Alimbusu kwa haraka, akaingia garini, na kwa kuwa kioo chake kilikuwa kimefungwa, Verna hakujua kama midomo yake iliyotikisika ilikuwa inasema naye au na mkewe.

*

Wiki hiyo hiyo Sprague aliingia ofisini na bahasha ya khaki ya duka lake la samani. Akafunga mlango. Akasema alikuwa anasafisha gari, na chini ya ramani, kwenye kisanduku cha mbele, amekutana na hizi. Zilikuwa barua zake tatu. Mbili zilikuwa na sahihi ya mwenyekiti, na kwenye ya tatu kulikuwa na duara la kikombe cha kahawa.

"Unaelewa, Verna," alisema. "Kura ni mwezi ujao. Na siyo mimi tu. Helen akipata wakili, wataushtaki mji, na mji ni nani? Ni mimi na wewe. Ni mshahara wako. Zichome, zihifadhi, fanya upendavyo. Mimi nimekurudishia mali yako."

Alisema hivyo kama mtu anayerudisha mwavuli aliouazima. Verna akaziangalia barua. Akamfikiria Emil na mtungi wake. Pensheni ya mgodi ililipa dawa na oksijeni, na kila kilichobaki katika nyumba ile, kuanzia mkate hadi moto wa tanuri, kilitoka kwenye meza hii anayoikalia. Akaitia bahasha kwenye mkoba.

Nyumbani alimweleza mumewe, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza. Emil alisikiliza hadi mwisho macho yakiwa kwenye televisheni. Halafu akaizima, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja.

"Mwanao ulimtaja mbele ya watu mia mbili," alisema, akivuta pumzi kati ya maneno. "Sprague umemfunika."

"Tutakula nini, Emil?"

"Sijasema umekosea," akajibu. "Nimesema ulichofanya." Akawasha tena televisheni, na hakuyazungumzia hayo tena.

Verna akaiweka bahasha kabatini, chini ya vitambaa vya meza ya Krismasi.

*

Sprague alishinda kwa kura nyingi. Jumanne ya mwisho ya Novemba halmashauri ilikutana kuidhinisha mkataba mpya: miaka kumi na mitano. Prentiss aliwasomea kwa sauti ya chini. Kampuni ilikuwa imekubali kwa hiari yake kurudisha mtambo wa tahadhari "mara itakapowezekana kibiashara", na kwa moyo wa ujirani mwema itanunua jezi za timu ya besiboli ya watoto. Kura zilikuwa tano kwa moja; aliyekataa alikuwa mzee kiziwi ambaye wengine walidhani hakusikia swali.

Mkataba ulihitaji sahihi mbili na muhuri. Meneja akatia sahihi, Sprague akatia sahihi, kisha karatasi zikasogezwa mbele ya karani ashuhudie. Verna akasoma mstari wa mwisho, ule unaosema kwamba mimi karani wa mji nathibitisha kuwa yote yamefanyika kwa mujibu wa sheria. Hapakuwa na uongo ndani yake. Kila kitu kilikuwa kimefanyika kwa mujibu wa sheria. Akaandika jina lake kwa ule mwandiko wake uliosimama, akaweka karatasi kwenye chombo cha chuma, akabonyeza kwa mikono miwili hadi muhuri ukatoka wazi, kwa kuwa hakujua kubonyeza kwa namna nyingine.

Helen Yurick alikuwa anamsubiri koridoni. Alikuwa amemletea mkate wa mbegu za mpopi, bado una joto, umefungwa kwenye kitambaa cha jikoni. Akasema hajapata nafasi ya kumshukuru. Akasema ameyasikia ya Leonard, na anaomba msamaha kwa sababu ni kwa ajili yake.

"Mji mzima huu," alisema Helen, akimshika mkono, "wewe peke yako ulisimama ukasema kweli. Jozef angekushukuru mwenyewe."

Verna akataka kumwambia. Maneno yalifika mdomoni: Helen, nina kitu kabatini. Lakini nyuma yake mlango ulikuwa wazi na sauti ya Sprague ilikuwa inasikika, ikisimulia jambo la kuchekesha, na Helen alikuwa tayari anajifunga koti. Akasema asante kwa mkate. Akasema kitambaa atakirudisha.

Simu iliita jioni ileile wakiwa mezani, saa moja na nusu. Verna aliiwahi kabla haijaita mara ya pili. Alikuwa mama yake Carol, kutoka Karolina. Akasema mtoto amezaliwa tangu Jumapili, msichana, kilo tatu na robo, mama na mtoto wazima. Leonard angepiga mwenyewe ila amepewa zamu ya usiku, na kazi ni mpya, mnajua ilivyo. Mtoto ana nywele nyeusi kama za babu yake. Ameona ni vizuri wajue.

Verna akasema asante, asante sana, akauliza Carol anakula vizuri, akaambiwa anakula. Hapo mtu angeweza kusema njooni mumwone. Kisha mwanamke yule akasema gharama za simu zinaenda, akamtakia jioni njema.

Verna akarudi mezani, akamwambia mumewe wamepata mjukuu wa kike. Emil akaweka uma chini. Machozi yalimtoka bila sauti, yakapita kando ya mpira wa oksijeni, na alikuwa anatabasamu.

"Jina?" akauliza. "Wamempa jina gani?"

Verna akakata kipande cha mkate, akakiweka kwenye sahani ya mumewe, akakata kingine.

"Hakuniambia," alisema. "Sikuthubutu kumuuliza."